Moto Uliowashwa Malta

Mfano wa Msamaria mwema unajulikana na kila mtoto aliyesoma katekisimu. Mwulize mtoto wa darasa la pili, atakueleza habari ya punda, na mafuta, na divai, na zile dinari mbili alizopewa mwenye nyumba ya wageni. Lakini habari ya kisiwa cha Malta, ambayo si mfano bali ni jambo lililotukia kweli, ni wachache wanaoijua vema. Sababu moja ni hii: katika Misa za siku za Pasaka, Matendo ya Mitume yanaposomwa kwa kufuatana, masomo ya juma la saba yanatoka katika sura ya 25 na kuruka mpaka Paulo alipokwisha kufika Roma. Safari yenyewe haisomwi. Mwenye kutaka kuijua hana budi kufungua kitabu nyumbani kwake, sura ya 27 na ya 28, akaisoma jioni karibu na taa. Wala hatajuta, maana hakuna mahali pengine katika Agano Jipya panapoelezwa safari ya baharini kwa uangalifu kama hapo: pepo, nanga, kamba, vina vya maji, hesabu ya watu. Mtakatifu Luka anasimulia kama mtu aliyekuwamo chomboni, na mara nyingi husema «sisi».

Paulo hakusafiri kwa kujifurahisha wala kwa biashara. Alikuwa mfungwa. Alikuwa amekaa kifungoni Kaisaria miaka miwili, akaomba hukumu ya Kaisari mwenyewe, na kwa hiyo, mnamo mwaka 60, akapandishwa merikebuni pamoja na wafungwa wengine, chini ya ulinzi wa akida mmoja wa Kirumi aitwaye Yulio. Siku ya pili walitia nanga Sidoni. Hapo akida alimruhusu Paulo ashuke, awaendee rafiki zake, wapate kumtunza. Luka anataja jambo hili kwa maneno machache, lakini msomaji asilipite upesi. Askari aliyempoteza mfungwa wake katika siku zile aliweza kulipa kwa uhai wake. Yulio hakuwa Mkristu, hakuwa Myahudi, wala hakuwa na deni lolote kwa Paulo. Hata hivyo alimwamini. Katika safari hii yote wema unatoka mahali ambapo hakuna aliyeutazamia, na wa kwanza kuutoa ni mtu aliyeshika minyororo.

Huko Mira, katika nchi ya Likia, akida akapata merikebu ya Aleksandria iliyokuwa inakwenda Italia. Ngano ya Misri ndiyo iliyolisha mji wa Roma, nayo ilichukuliwa na merikebu kubwa za namna hiyo. Walisafiri polepole, pepo zikiwapinga, hata wakafika kwa shida mahali fulani katika kisiwa cha Krete paitwapo Bandari Nzuri. Wakati huo siku ya Mfungo wa Wayahudi ilikuwa imekwisha kupita, maana yake majira ya baridi yalikuwa yanakaribia. Kwa desturi ya mabaharia wa bahari ile, tangu Novemba mpaka Machi vyombo vilikaa bandarini. Paulo akawaonya wasiendelee. Aliona kwamba hasara itakuwa kubwa, si ya shehena na merikebu tu, bali ya roho za watu pia.

Paulo alikuwa nani hata atoe shauri juu ya bahari? Alikuwa mshona mahema. Lakini katika barua yake ya pili kwa Wakorinto, aliyoiandika kabla ya safari hii, alikuwa amekwisha kusimulia kwamba chombo kilimvunjikia mara tatu, tena kwamba alikaa usiku kucha na mchana kutwa katika kilindi cha bahari. Mtu wa namna hiyo anajua kitu. Akida, lakini, aliwasikiliza zaidi nahodha na mwenye merikebu. Wala haifai kumcheka, maana watu wote huwasikiliza wenye kazi yao. Bandari ile haikufaa kukaa wakati wa baridi, wengi walitaka kuendelea mbele kidogo tu, na mwenye merikebu alikuwa na ngano, ambayo haimpi mtu faida mpaka ifike sokoni. Kisha ukavuma upepo mwanana wa kusini. Wakang'oa nanga kwa furaha. Huo upepo mwanana ndio uliowadanganya. Tufani ilikuja baadaye, haikumdanganya mtu.

Wasafiri wa maziwa ya Kongo wanaielewa habari hii bila mwalimu. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti lililotoka Minova kwenda Goma lilipinduka karibu na bandari ya Kituku, pwani ikiwa mbele ya macho, watu waliokuwa nchi kavu wakitazama. Barabara ilikuwa imefungwa na vita, kwa hiyo watu na mizigo yao waligeukia ziwa. Walionusurika walisema kwamba chombo kilikuwa kimejazwa kupita kiasi. Baadaye hata hesabu ya waliokuwamo ilitofautiana, hawa wakisema hivi, wale vile, na jamaa wakitafuta majina ambayo hayakuwa yameandikwa vema popote.

Kuwalaumu wasafiri ni rahisi kwa mtu aliyeketi nyumbani. Mama mwenye magunia mawili ya mboga zitakazooza kesho hana siku ya kungoja, wala hana boti la pili la kuchagua. Lakini kwa mwenye chombo anayeongeza watu kumi baada ya kujaa, na kwa mkubwa wa bandari anayepokea kitu mkononi na kutazama upande mwingine, dhambi iko wazi, na amri yake inajulikana: ni ya tano. Si lazima mtu ashike panga ili aivunje. Tena yuko msafiri mwenye nguvu na mwenye nafasi ya kungoja, ambaye huona maji yamekaribia ukingo wa chombo, akapanda na kusema kwamba Mungu atamlinda. Huyu anadhani ana imani. Katekisimu inaliita jambo hilo kumjaribu Mungu.

Paulo mwenyewe alipata ahadi. Katikati ya tufani, walipokuwa hawajaona jua wala nyota kwa siku nyingi, malaika alimjia usiku akamwambia kwamba hapana mtu mmoja atakayepotea. Ni nani angekuwa na haki ya kulala usingizi kama si yeye? Lakini tazama alivyofanya usiku wa kumi na nne. Mabaharia walipima maji wakakuta pima 20, mbele kidogo wakakuta pima 15, wakajua kwamba nchi ni karibu, wakatupa nanga nne nyuma ya merikebu. Kisha wakaishusha ile mashua ndogo, wakisingizia kwamba wanakwenda kutia nanga za mbele, kumbe walitaka kukimbia na kuwaacha wengine. Paulo aliona. Akamwambia akida na askari kwamba hao wasipobaki chomboni hapana wokovu kwao. Askari wakakata kamba, mashua ikaenda na maji. Basi ahadi ya Mungu haikuondoa haja ya mabaharia, wala haikumfanya Mtume apuuze mikono ya watu wanaojua kushika usukani.

Kulipokaribia kucha aliwasihi wote wale chakula, kwa maana walikuwa wamekaa siku 14 bila kula vema. Akatwaa mkate, akamshukuru Mungu mbele yao wote, akamega, akaanza kula. Wapagani, askari, wafungwa, mabaharia waliokuwa wameshikwa katika hila yao: wote wakapata moyo, wakala. Na hapo Luka anaandika hesabu: watu 276. Hesabu hiyo anaitia kabla ya kuvunjika chombo. Kisha wakaitupa ngano baharini ili merikebu ipungue uzito, ile ngano ambayo kwa ajili yake hawakutaka kungoja Bandari Nzuri.

Merikebu ilipokwama na kuanza kuvunjika kwa nguvu ya mawimbi, askari walikuwa na shauri la kuwaua wafungwa wasije wakaogelea na kutoroka. Akida Yulio akawazuia, kwa kuwa alitaka kumwokoa Paulo. Kwa ajili ya mmoja, wote wakapona. Wenye kujua kuogelea wakatangulia, wengine wakafuata juu ya mbao na vipande vya chombo. Wote 276 wakafika nchi kavu.

Hapo ndipo wanapoonekana wenyeji wa kisiwa.

Luka aliandika kwa Kiyunani, naye aliwaita watu hao kwa neno ambalo Wayunani walimwita nalo kila mtu asiyejua lugha yao, kana kwamba usemi wa wengine ni kelele ya «bar-bar» tu. Watu wa Malta walikuwa na lugha yao yenye asili ya Kifoinike. Kiswahili nacho kina neno la namna hiyo, «washenzi», ambalo watu wa pwani walikuwa wakiwaita nalo watu wa bara, na babu za wasomaji wengi wa Kongo waliitwa hivyo na wafanya biashara waliopita katika nchi yao. Luka hakulitumia kwa kutukana. Lakini mtu akisoma sura hiyo na kulikumbuka neno hilo, ataona ajabu yake: watu waliostaarabika walikuwa wametaka kuwaua wafungwa juu ya merikebu, na wale walioitwa kwa jina la dharau walikuwa wanakusanya kuni.

Maana ndivyo walivyofanya. Mvua ilikuwa inanyesha, tena ilikuwa baridi. Wakawasha moto, wakawakaribisha wote. Luka anasema kwamba wema wao haukuwa wa kawaida, naye alikuwa mtu aliyesafiri sana, aliyejua ukarimu wa kawaida ulivyo. Afikiri mtu mwenyewe kazi ya kuwasha moto penye mvua, kwa watu 276 walioloa. Moto mmoja hautoshi. Kuni kavu za wakati wa mvua huwekwa ndani, juu ya meko, ni akiba ya nyumba. Mama yeyote wa mlimani anajua thamani yake. Kuna mtu aliyeingia ndani kwake akazitoa. Hawakuwa wameuliza jina, wala kabila, wala sababu ya safari. Hata kama wangeuliza, wasingeelewana kwa urahisi.

Miaka michache kabla ya siku hiyo Paulo alikuwa amewaandikia Waroma kwamba yeye ni mdeni wa Wayunani na wa wasio Wayunani, wa wenye elimu na wa wasio na elimu. Bila shaka aliwaza juu ya Injili aliyopaswa kuwapelekea. Sasa alikuwa anatetemeka ufukoni, akiota moto wa wasio Wayunani, na deni lake likawa deni kweli.

Kisha likatukia jambo la nyoka. Paulo hakukaa akingoja kuhudumiwa. Aliokota mzigo wa kuni mwenyewe akautia motoni. Nyoka akatoka kwa ajili ya moto, akamshika mkono. Wenyeji walipoona wakaambiana kwamba mtu huyu lazima ana damu ya mtu mikononi mwake: bahari imemwachilia, lakini hukumu imemfuata mpaka nchi kavu. Wala hawakuwa wajinga katika kushuku. Walimwona ni mfungwa, amefika pamoja na askari. Na askari hawafungi watu bure, ndivyo watu hudhani. Paulo akamkung'utia nyoka motoni, asipate madhara. Wakakaa wakimtazama, wakingoja avimbe au aanguke ghafula. Walipoona muda umepita, wakageuza maneno, wakasema ni mungu.

Basi walikosa mara mbili. Hakuwa mwuaji, hakuwa mungu. Lakini hakuna neno katika kitabu linaloonyesha kwamba waliposhuku walimfukuza, au waliuzima moto, au waliwaambia wale wengine 275 waondoke kwa sababu ya mwenzao. Wema wao haukungoja maoni yao yawe sahihi. Hili ni jambo kubwa, nalo linafaa kuangaliwa sana katika vijiji vya Kongo.

Kwa maana mambo huenda namna gani? Mgeni anafika jioni, amechelewa njiani, gari limeharibika au daraja limevunjwa na maji. Anapewa mahali pa kulala. Watu wa Kongo hawajasahau hilo. Kesho yake mtoto wa jirani anashikwa na homa. Mchana watu wananong'ona: alitoka wapi, ana nini katika mfuko wake, kwa nini alimsalimu mtoto. Mahali penye vita hunong'onwa kwamba ni mpelelezi. Jioni ya pili vijana wameshika fimbo. Wako wageni waliopoteza maisha kwa mnong'ono wa namna hiyo, na wengine katika waliokuwa wakinong'ona walikuwa wamepokea komunyo Dominika iliyopita. Wapagani wa Malta, waliomwona nyoka kwa macho yao wenyewe, walikaa wakangoja waone. Kungoja huko tu kungeokoa wengi.

Lakini wako watakaosema: Je, tusijilinde? Kuna wevi, kuna watu wa silaha, kuna wenye kujifanya maskini. Ni kweli. Ukarimu si upumbavu, wala Bwana hakuwaambia wanafunzi wake wawe wapole kama njiwa bila kuwaambia wawe na busara ya nyoka. Yuko mfano wa karibu na siku hizi unaoonyesha kwamba ulinzi na wema vyaweza kukaa katika nyumba moja.

Tarehe 11 Septemba 2001, watu waovu walipoteka ndege nchini Marekani na kuwaua watu karibu 3,000, anga ya nchi ile ilifungwa mara moja. Ndege nyingi zilikuwa zimekwisha kuvuka sehemu kubwa ya bahari ya Atlantiki, nazo zikaamriwa zishuke penye nafasi. Ndege kubwa 38 zikashuka Gander, mji mdogo wa kisiwa cha Newfoundland katika nchi ya Kanada, zikiwa na watu zaidi ya 6,500. Mji wenyewe ulikuwa na wakaaji karibu 10,000. Siku ile kila mgeni aliyetoka angani aliweza kuogopwa, nao kweli waliogopwa: walizuiwa ndani ya ndege saa nyingi, wengine mpaka siku ya pili, kisha wakapekuliwa kabla ya kuruhusiwa kuingia mjini. Mizigo yao mikubwa ikabaki ndani ya ndege.

Lakini wakati walinzi walipokuwa wakifanya kazi yao, watu wa mji walikuwa wanapika. Madereva wa mabasi ya shule walikuwa katika mgomo. Wakauacha ili wawachukue wageni. Shule, makanisa na kumbi zikawa malazi, katika Gander na katika vijiji vya jirani, na wengi walipelekwa katika nyumba za watu wakaoge na kupumzika. Chakula kililetwa kingi hata kikawekwa katika uwanja wa michezo ya barafu kisioze. Wauza dawa walipiga simu mpaka nchi za mbali wapate kujua kila mgonjwa hutumia dawa gani, maana dawa zilikuwa katika mizigo. Hata wanyama waliokuwa ndani ya ndege walitunzwa, na katika hao walikuwamo bonobo wawili, ambao kwao ni misitu ya Kongo na si penginepo. Kwa hiyo Kongo nayo ilipata mwenyeji huko Gander. Baada ya siku chache anga ilifunguliwa, wageni wakaenda zao wakilia, na wenyeji nao wakilia.

Msomaji asiseme kwamba hayo yaliwezekana kwa sababu Wakanada ni matajiri. Mlima Nyiragongo ulipolipuka tarehe 22 Mei 2021, na siku tano baadaye serikali ilipoamuru sehemu kubwa ya mji wa Goma ihame, maelfu kwa maelfu walitoka kwa miguu, magodoro vichwani, wakaenda Sake, na Minova, na Rutshuru, wengine wakavuka mpaka mpaka Rwanda. Walilala makanisani, shuleni, na katika nyumba za watu wasiowajua. Sake si mji wa matajiri. Nyumba yenye vyumba viwili ilipokea jamaa nzima, na sufuria iliyotosha watu sita ikagawiwa watu kumi na wanne. Hakuna aliyekuja kuwapiga picha watu hao wakati walipokuwa wakipunguza sahani zao. Mwezi wa Februari 2024 vita vilipofika Sake, wenyeji wa Sake wakakimbilia Goma. Mwenyeji wa mwaka 2021 akawa mgeni wa mwaka 2024, akitafuta mlango wa kubisha.

Tena kuna upande wa mgeni, ambao wahubiri huusahau. Mgeni naye ana wajibu wake. Wazee husema kwamba mgeni ni siku mbili, ya tatu apewe jembe. Publio, mkubwa wa kisiwa cha Malta, alimkaribisha Paulo na wenzake kwa urafiki siku tatu, basi yeye aliwazidi wazee kwa siku moja. Paulo hakungoja jembe. Siku ya kwanza kabisa, bado nguo zimeloa, alikwisha kuinama kuokota kuni. Mtume wa mataifa, aliyetokewa na malaika, aliyewashauri maakida, anaokota vijiti! Wako wasafiri, hasa wenye elimu kidogo na viatu vizuri, wanaokaribishwa katika nyumba maskini, wakakaa kitini kuanzia asubuhi mpaka jioni, mama akichota maji, baba akichinja kuku wa mwisho, na wao wakiuliza kama chai iko tayari. Wakiondoka wanasimulia jinsi kijiji kile kilivyo nyuma. Hao wameota moto wa Malta bila kuokota hata kijiti kimoja.

Na yale yaliyofuata yanajulikana kwa methali ambayo Waswahili walikuwa nayo pasipo kusoma Matendo ya Mitume: mgeni njoo, mwenyeji apone. Baba yake Publio alikuwa kitandani, ameshikwa na homa na kuhara damu. Paulo akaingia, akasali, akaweka mikono juu yake, mzee akapona. Hapo wagonjwa wengine wa kisiwa wakaja, nao wakaponywa. Luka, aliyekuwa mganga, anaandika hayo bila kujisifu wala kuongeza maneno. Mtu aangalie utaratibu wake: moto ulikuja kwanza, uponyaji baadaye. Wenyeji hawakuwasha moto kwa kutumaini malipo. Waliwasha kwa sababu ya mvua na baridi. Tena walipopata walichopata hawakusema, «Sasa tumelipana». Miezi mitatu ilipopita na bahari kufunguka, waliwapakilia wageni vitu vyote walivyohitaji kwa safari. Chakula cha watu hao wote kwa miezi mitatu ya baridi, katika kisiwa kidogo, na ile ngano iko chini ya bahari: atakayeweza kukipiga hesabu, na akipige.

Watu wa Malta hawajasahau. Kila mwaka tarehe 10 Februari wanaadhimisha sikukuu ya kuvunjika kwa chombo cha Mtakatifu Paulo. Pale Rabat pana pango ambapo, kwa mapokeo yao, Mtume alikaa. Papa Benedikto wa 16 alifika mwezi wa Aprili 2010, na tarehe 3 Aprili 2022 Papa Fransisko alisali katika pango hilo, kisha siku hiyohiyo akaenda kuwatembelea wahamiaji huko Ħal Far. Maana bahari ile ile bado inatupa watu ufukoni, wengi wao wakitoka Afrika, katika vyombo vilivyojazwa kupita kiasi na watu wenye kuhesabu nauli tu. Si kila mara wamekuta moto umewashwa. Jambo hili Wamalta wenyewe wanalijua na kubishana juu yake, na ni heri yao wanaobishana, kwa kuwa wana kitabu kinachowakumbusha babu zao walifanya nini.

Paulo aliondoka Malta katika merikebu nyingine ya Aleksandria. Wakatia nanga Sirakusa, kisha Regio, kisha Puteoli, ambako walikuta ndugu Wakristu wakakaa nao siku saba. Kutoka hapo walikwenda kwa miguu kuelekea Roma. Hapa Luka anaandika jambo dogo ambalo wengi hulipita. Paulo alikuwa ameona malaika, ameona nyoka asimdhuru, ameponya wagonjwa wa kisiwa kizima, na bado, yaonekana, moyo wake ulikuwa mzito. Roma hakuijua. Hakujua Kaisari atasema nini. Minyororo ilikuwa mkononi. Ndugu wa Roma walipata habari kwamba anakuja. Wengi wao hawakuwa wamemwona bado. Walikuwa na barua yake tu. Wakatoka kumlaki, wengine mpaka Mikahawa Mitatu, wengine wakaendelea mpaka Soko la Apio, zaidi ya kilomita 60 kutoka mjini, wakasimama njiani wakimngoja mfungwa. Paulo alipowaona kwa mbali alimshukuru Mungu, akapata moyo, wakaingia Roma pamoja.